Miaka Sabini Toa Umri wa Bibi

Juma lililopita nilipita kwa fundi viatu mmoja karibu na stesheni ya Dodoma, nikamkuta anapaka samli kwenye kipande cha ngozi ili kilainike. Mafundi wengine siku hizi hutumia mafuta ya kopo, lakini huyu ametoka upande wa Bahi na amefundishwa kazi na baba yake. Harufu ile ya samli iliyochacha kidogo juu ya ngozi ya mbuzi ilinisimamisha. Fundi akaniuliza kama nina kiatu cha kushona. Nikamwambia sina, napumzika tu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nanusa. Hivyo ndivyo alivyonukia bibi yangu, mama yake baba.

Wenzangu wa umri wangu, wachache tuliobaki, hawahitaji kuelezwa jinsi tulivyoishi wakati wa Mjerumani. Tembe letu lilikuwa refu na la chini, paa lake bapa la udongo, vyumba vyake vikizunguka zizi, hata mtu akilala alisikia ng'ombe wakitafuna. Chumba cha Bibi kilikuwa cha mwisho upande wa machweo. Mimi na mdogo wangu Sechelela tulilala humo pamoja naye, juu ya ngozi, pamoja na ndama na vitoto vya mbuzi visivyoweza kulala nje. Mimi Bibi aliniita mume wangu, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Sechelela alimwita mke mwenzangu. Wake wenza hao wawili walikuwa wakigombania sehemu ya kulala iliyo karibu na moto, na mara nyingi mkubwa alishindwa.

Shuleni sikupelekwa kwa sababu ya akili. Jumbe alikuwa ameagizwa na boma atoe watoto wa kusoma, na kila baba alitoa yule ambaye kukosekana kwake hakutaharibu kazi. Mimi nilikuwa mchungaji mbovu. Niliwahi kurudi na mbuzi wa watu wengine na kuwaacha wetu porini. Baba alipoulizwa nani aende, hakufikiri kwa muda mrefu.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa pwani, wa kanzu na kofia nyeupe, na alituona sisi Wagogo kama adhabu aliyopewa kwa kosa asilolikumbuka. Hata hivyo alifundisha vizuri. Alipotufikisha kwenye hesabu za kutoa, alitwambia kwamba kila mtu ana mwaka aliozaliwa, na kwamba ukiuchukua mwaka huu ukautoa mwaka ule, unapata umri wake. Akatutuma nyumbani tukaulize tulizaliwa lini. Kesho yake tulirudi na majibu. Mmoja alizaliwa mwaka simba alipoingia zizini kwa jirani. Mwingine alizaliwa ng'ombe walipokwisha kwa ugonjwa. Mwingine mama yake alikumbuka tu kwamba mlenda ulikuwa mwingi. Mwalimu alishika kichwa. Kisha akasema tutafute jambo moja ambalo mwaka wake unajulikana, tuhesabu kutoka hapo kwenda mbele au kurudi nyuma.

Tulihesabu asubuhi nzima kwenye vibao vyetu. Rafiki yangu Chilonga alipata kwamba yeye ana miaka thelathini na baba yake ishirini.

"Chilonga," mwalimu akasema, "ukifika nyumbani leo umwamkie vizuri baba yako. Kumbe wewe ndiye uliyemzaa."

"Mwalimu, sasa nimtafutie na mke?"

Hata mwalimu alicheka, jambo tulilolizungumza siku nyingi.

Mimi sikukosea. Nilipata miaka tisa, mwalimu akatia alama. Sijui namna ya kuwaeleza vijana wa leo, ambao huzaliwa na cheti mkononi, furaha niliyoipata. Nilikuwa nimeishi bila kujua kwamba nina kitu. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa kuonyeshwa kidole. Mtu huwajua kwa rangi na pembe zao, na asipomwona mmoja hujua ni nani. Watu nao vilevile. Sasa nilikuwa na njia ya kumtazama mtu nikaona namba ndani yake.

Siku chache baadaye mwalimu aliandika ubaoni hesabu nyingine. Mtu hupewa miaka sabini. Hamisi ana miaka arobaini. Amebakiwa na mingapi?

"Thelathini!" tukapiga kelele.

Wenzangu waliona ni hesabu kama nyingine. Mimi niliona zaidi ya hapo, na ndipo kosa langu lilipoanzia. Siku hizo reli ilikuwa imetufikia na kambi ya vibarua ilikuwa karibu. Tulipenda kwenda kutazama wakipimiwa posho. Mnyapara alisimama na kibaba chake, kila mtu akamiminiwa mtama kiasi kilekile, mnene na mwembamba, mzee na kijana. Ikitokea mmoja amemaliza chake mapema na bado anaonekana akitafuna, wenzake hawakuuliza amekipata wapi. Walikwenda kutazama mifuko yao. Basi nilipoona maneno yale ubaoni, mtu hupewa miaka sabini, nilijua mara moja jinsi inavyopimwa.

Nilianza kuwahesabia watu. Nilikaa nje ya tembe na kibao changu, na watu wakaja. Nilimwambia kila mmoja umri wake, na asipoondoka nilimwambia miaka iliyobaki. Walinipa karanga. Kijana mmoja alinipa paja zima la kanga kwa sababu nilimpa miaka hamsini ya mbele. Baba mdogo, Ndahani, mdogo wake baba, alikuja mara tatu kuhakikisha kwamba namba yake haijabadilika.

"Arobaini na sita bado?" aliniuliza.

"Bado."

"Hata baada ya jana nilivyokunywa pombe?"

"Pombe haimo katika hesabu, baba mdogo."

"Shule hii ni nzuri," akasema.

Bibi hakuja. Ilikuwa mavuno, naye alikuwa na kazi. Lakini jioni moja, amekaa mlangoni kwake na kifungu cha mabua mabichi ya mtama, yale matamu ya kutafuna, aliniita.

"Mume wangu, umewahesabia wanawake wa watu wote. Mimi umeniacha kwa sababu gani?"

Nikamuuliza alizaliwa mwaka gani. Hakujua. Nikamuuliza kama kuna jambo. Akafikiri, akasema jambo lipo. Alizaliwa wakati rika fulani la vijana limo jandoni. Mama yake alikuwa akipeleka chakula kambini huku ana uchungu. Tangu hapo aliyajua marika yote, kwa sababu jando likimalizika watu hucheza ngoma, na ngoma yeye hakuwahi kuikosa hata moja. Akaanza kuvunja mabua vipande vifupi. Kila kipande alikipa jina la rika, akakilaza juu ya ngozi, akaeleza nani na nani walitahiriwa humo, nani alilia, nani alikimbia akarudishwa. Kipande cha mwisho kilikuwa rika la baba mdogo Ndahani. Sechelela aliyekuwa amekaa katikati akanyoosha mkono, akachukua kipande kimoja, akakitafuna.

"Ona!" Bibi akasema. "Mke mwenzangu amekula rika zima la watu!"

"Tamu," akasema Sechelela.

Nilikirudisha kile kipande kichwani mwangu. Vikawa kumi na kimoja. "Sasa, Bibi, kutoka rika moja mpaka jingine ni miaka mingapi?"

"Hilo sijui, mume wangu. Sisi tulikuwa tunacheza, hatukuwa tunahesabu."

Lakini mimi nilijua. Kila mtu pale kwetu alijua kwamba rika la Ndahani lilisubiri miaka saba. Jando halifanywi watu wakiwa na njaa. Linahitaji pombe na nyama na mtama wa kulisha kambi, na kabla ya rika lake ilipita miaka ya nzige na ukame. Ndahani aliota ndevu kabla ya kutahiriwa, na watani wake hawakumwacha asahau. Saba basi, na tangu rika lake zilikuwa zimepita saba nyingine. Nikazidisha kumi na moja kwa saba.

"Una miaka sabini na saba," nikamwambia.

"Ni mingi?"

"Ni mingi."

"Nimebakiwa na mingapi?"

Nikaandika sabini, chini yake sabini na saba. Nikamwambia kijiti cha kuandikia kimeisha. Akanipa kipande cha bua, nikaenda kukitafunia mbali.

Kesho yake nilimfuata mwalimu baada ya wenzangu kutoka.

"Mwalimu, sabini toa sabini na saba ni ngapi?"

"Haitoki."

"Na kama ni mtu?"

"Mtu gani?"

"Bibi yangu. Ana miaka sabini na saba na bado anaishi."

Mwalimu alikuwa akifuta ubao. Alicheka kidogo. "Basi bibi yako anakula posho ya mwenzake," akasema, akaendelea kufuta.

Nimemfikiria sana mtu yule. Hakuwa na nia mbaya. Alitania, kama anavyotania mtu aliyechoka, na naamini kabla hajafika nyumbani kwake alikuwa amekwisha kusahau.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Sechelela alianza kukohoa. Bibi alimpaka samli kifuani, akamchemshia mizizi, akamlaza upande wa moto bila kugombana. Mimi nilihamishia ngozi yangu chumbani kwa Mama. Nilisema ndama wananikanyaga. Mchana mmoja, Bibi akiwa juu anaziba paa, niliingia nikachutama karibu na mdogo wangu.

"Usilale na Bibi," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Anakula miaka yako."

Alifikiri. Macho yake yalikuwa makubwa kwa homa. "Inalika?"

"Inalika."

"Basi ale kidogo," akasema. "Mimi nakula mlenda wake."

Sikumwambia mtu mwingine wakati ule. Sechelela alifariki mvua zikiwa katikati. Watoto wengi walifariki mwaka ule, kama walivyofariki miaka mingine, na watu walilia, wakazika, wakarudi mashambani kupalilia kwa sababu magugu hayasubiri. Kama ningenyamaza, yangepita.

Siku ya kumaliza matanga tulikuwa tumekaa uani. Bibi alinichotea ugali, akaweka na maziwa ya mgando, akaninyooshea. Sikupokea. Akaninyooshea tena. Nikarudi nyuma.

"Una nini wewe?" Ndahani akaniuliza. "Mtu akikupa chakula unakimbia kama kifaranga?"

Nikasema. Nilisema kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa kusimama na kujibu. Kwamba kila mtu hupewa miaka sabini. Kwamba Bibi alimaliza yake zamani. Kwamba hii anayoishi ni ya mtu, na aliyelala karibu naye alikuwa Sechelela. Nilipomaliza nilichukua kijiti, nikaandika mchangani ili waone.

Zamani jambo kama hilo lingepelekwa kwa mganga, na mganga angechukua siku zake, angeuliza, angetaka mbuzi, na katika siku hizo hasira za watu zingepoa. Safari hii hakuhitajika mganga, kwa kuwa kulikuwa na hesabu.

"Mtoto huyu hajakosea hata mara moja," Ndahani akasema. Hakusema kwa chuki. Alikuwa na hofu. "Mmeona wenyewe. Ametuhesabia wote."

"Acha upuuzi," mtu mmoja akasema kutoka nyuma, lakini kwa sauti ndogo.

Bibi aliweka bakuli chini. Alinijia, akasimama juu ya maandishi yangu.

"Hii ndiyo mimi?" Alionyesha kwa kidole cha mguu ile namba ya chini.

"Ndiyo."

"Na hii ya juu?"

"Hiyo ndiyo posho."

Alizitazama zote mbili. "Mbona zinafanana," akasema.

Kisha akamgeukia Baba. Baba alikuwa akichonga mpini wa jembe, na aliendelea kuuchonga. Wote tuliona jinsi ulivyokuwa unazidi kuwa mwembamba. Mwanamume akisema mama yake si mchawi, huonekana amelishwa uchawi. Akisema ni mchawi, amemuua. Aliyesema ni Mama.

"Mimi sina neno, mama mkwe," akasema. "Ila siwezi kukuona kila asubuhi."

Boma lilikataza kumpa mtu mwavi, ile sumu ya kumpimia mchawi, na watu waliogopa kamba ya Mjerumani, kwa hiyo hakuna aliyemgusa. Asubuhi yake Bibi alikunja ngozi yake, akachukua kibuyu cha samli, akaenda zake Bahi kwa watoto wa kaka yake. Pale uani namba zangu zilikuwa bado mchangani. Alizizunguka, hakuzikanyaga. Mimi niliangalia nikiwa nyuma ya mlango wa Mama. Siku zilizofuata nililala vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na mtu akiandika mambo haya uzeeni hana sababu ya kujipamba.

Mwaka uliofuata mtama ulikubali kuliko miaka yote niliyowahi kuiona. Maghala yalijaa, na baada ya mavuno jando likafanywa. Chilonga aliingia. Mimi walisema bado mdogo, ningojee jingine, na nilihuzunika, maana kwa hesabu yangu jingine lingekuwa baada ya miaka saba. Mwaka uliofuata mtama ukakubali tena. Kiangazi hicho nikasikia watu wanakata miti ya kambi.

"Ya nini?" nikamuuliza Ndahani.

"Ya jando lenu. Mwaka huu ni nyinyi."

"Lakini mwaka jana tu wametahiriwa watu."

"Sasa? Mtama si upo?"

Nilikwenda jandoni nikiwa na neno hilo, na kule kambini, jeraha lilipoanza kukauka, nilimuuliza mzee aliyekuwa akituangalia. Zamani, mlikuwa mnatahiri kila baada ya miaka mingapi? Aliniona mjinga.

"Kila tukishiba," akasema. "Tukishiba miaka miwili mfululizo, tunafanya miaka miwili mfululizo. Ninyi mmezaliwa katika nzige, ndiyo maana mnauliza. Wakati wa utoto wa bibi zenu watu walikuwa wanakula."

Sikuwa na kibao kule, lakini sikukihitaji. Nilimfanya anitajie marika yote, kama alivyoyataja Bibi, na kila moja anieleze lilikuja baada ya mavuno mangapi. Matano. Matatu. Moja. Manne. Saba zilikuwapo huku mwishoni tu, kwenye miaka mibaya ambayo sisi tuliijua. Nilikuwa nimeihesabu miaka ya shibe kwa kipimo cha njaa. Bibi hakuwa na sabini na saba. Hakuwa hata na sitini.

Tulipotoka kambini, tumepakwa mafuta na watu wanatuimbia, nilimtafuta Baba kabla ya kula.

"Baba, nilikosea ile hesabu."

Hakuuliza ipi. "Ulikosea kiasi gani?"

"Miaka ishirini na kitu."

Baba alikaa chini. Ngoma ilikuwa inapigwa, na watu waliokuwa wakipita walimpongeza kwa kupata mtoto mwanamume, naye akaitikia kila mmoja. Walipopungua akaniambia, "Utakwenda kumwambia mwenyewe. Mimi nitakupeleka."

Tulikwenda kwa miguu tukifuata reli. Tulipofika Bahi na kuonyeshwa tembe la binamu zake Baba, tulimwona Bibi kabla hatujafika mlangoni. Alikuwa juu ya paa, kikapu cha udongo kichwani, akiupiga kwa viganja na kuulainisha kabla ya mvua. Alikuwa amefanya hivyo kwetu kila mwaka, tangu nilipopata akili, na sikuwahi kujiuliza ni mwanamke gani wa miaka sabini na saba anayepanda juu ya tembe na udongo kichwani. Nilikuwa na namba. Mwenye namba hatazami.

Alishuka, akafuta mikono kwenye ngozi aliyovaa. Nilimwamkia. Akaitikia, akanitazama kuanzia miguuni.

"Mume wangu amekuwa mtu mzima."

"Bibi, nilikosea kukuhesabia," nikasema, na nikamweleza yote, marika na mavuno na miaka ya nzige. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sasa nina mingapi?"

"Hamsini na tano. Labda sita."

"Nimerudi nyuma," akasema, akacheka kidogo. "Na ile posho?"

"Bado unayo nyingi. Miaka kumi na nne."

"Kwa hiyo sikula cha mtu."

"Hukula, Bibi."

Baba alikuwa amesimama pembeni ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. "Mama," akasema, "turudi nyumbani."

"Masinga, unaona hili paa limefika nusu. Mvua ikinyesha leo watoto wa watu watalala wapi?"

"Tutakusubiri umalize."

"Likiisha hili lipo la jirani," akasema.

Hakusema kwa ukali. Baba akainama. Nilidhani mazungumzo yamekwisha, lakini Bibi alinigeukia tena. Alichukua udongo kikapuni, akaupaka ukutani karibu na mlango, akausawazisha kwa kiganja ukawa kama kibao.

"Nihesabie na mke mwenzangu."

Nikasema Sechelela alikuwa na miaka mitano. Nikaandika kwa kidole juu ya udongo ule mbichi, sabini, na chini yake tano, na chini yake jibu.

"Ni ngapi hiyo?"

"Sitini na tano."

"Hiyo miaka iko wapi?"

Nilitazama ukuta. Baba naye alikuwa akinitazama. Bibi alisubiri, na hakuwa ananikomoa. Alisubiri kama mtu anayedhani kwamba aliyesoma anajua kweli, na kwamba jibu likipatikana atalipokea. Kisha alipoona halipatikani, alijitwisha kikapu akapanda juu. Tulisikia viganja vyake vikipiga paa mpaka tulipofika relini.

Hakurudi. Nilisoma zaidi, kwa wamisheni na baadaye sekondari wakati wa Mwingereza, na nikafanya kazi ya ukarani mpaka nilipostaafu. Kwa miaka mingi mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kuwakadiria umri wazee wasio na cheti. Wenzangu walilalamika kwamba niliwauliza maswali mengi mno kuhusu mavuno. Bibi alifia Bahi katika ile njaa kubwa ya wakati wa vita, Wajerumani walipokwisha kuondoka. Habari zilitufikia baada ya kuzikwa. Kwa hesabu yangu ya pili, alibakiwa na miaka kadhaa ambayo nayo sikuweza kusema ilikwenda wapi.

Mimi sasa nimeipita sabini, kwa kipimo cha njaa na kwa kipimo cha shibe. Nilisoma vya kutosha kujua kwamba miaka haipimwi kwa kibaba na kwamba hakuna anayekula ya mwenzake. Ninajua hivyo mchana, nikiwa na watu. Lakini asubuhi ninapoamka tena, nikaona nuru dirishani na nikanyoosha miguu, lile swali la Bibi kuhusu miaka ya Sechelela huwa limekwisha kukaa kitandani likinisubiri, nami siku hizi nina jibu lake. Nimeiona, Bibi. Ninayo mimi. Ninakula kidogo.